Uzao wa Mzabibu Katika Nyanda za Ufipa: Historia Fupi ya Divai Isiyo na Kileo Mezani pa Bwana

Utangulizi

Mzee wa kanisa anapotumwa mjini Sumbawanga kununua divai kwa ajili ya Chakula cha Bwana, hupewa fedha, lakini mara nyingi hapewi maelezo. Dukani aweza kukuta chupa nne zenye kinywaji chekundu, na zote zina picha ya kichala cha zabibu. Ya kwanza ni divai yenye kileo. Ya pili ni divai iliyoondolewa kileo. Ya tatu ni maji ya zabibu yaliyopashwa moto ili yasichachuke. Ya nne ni maji, sukari na rangi. Mzee huyo, ambaye hakusoma theolojia, ndiye anayeamua jambo ambalo Kanisa limelijadili tangu karne ya tatu. Makala hii imeandikwa ili asiachwe peke yake.

Swali letu ni la kihistoria kwanza, ndipo liwe la kichungaji. Kikombe cha Bwana kilifikaje katika nchi isiyo na mizabibu? Kwa nini makanisa yaliyofika huko hayakuweka kinywaji kile kile ndani yake? Na historia hiyo yamfundisha nini mchungaji anayetaka leo kuwapa washarika wake divai nyekundu isiyo na kileo? Yafaa tuseme mapema kwamba makala haikusudii kumhukumu anayetumia divai yenye kileo wala anayeikataa. Inakusudia kuonyesha kwamba mabishano kuhusu kileo yametufanya mara nyingi tusahau swali lililo kubwa zaidi, yaani kama kilichomo kikombeni ni tunda la mzabibu kweli.

1. Nchi ya ulezi

Ufipa ni nyanda za juu kati ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, na mji wa Sumbawanga uko katika mwinuko wa zaidi ya mita 1,700. Kabla ya utawala wa Wajerumani nchi hii ilikuwa na falme mbili, Nkansi na Lyangalile, na juu ya hizo heshima ya kale ya Milansi. Wafipa walijulikana kwa kufua chuma katika tanuru ndefu za udongo, na kwa kilimo cha matuta ya duara ambayo ndani yake nyasi hufukiwa zioze na kuwa mbolea. Zao lao kuu lilikuwa ulezi.

Ulezi ulitoa ugali, ukatoa na pombe. Pombe ya ulezi haikuwa anasa tu. Mwenye shamba aliyetaka kulimiwa aliwaita majirani, nao walipomaliza kazi walikunywa pamoja. Hivyo pombe ilikuwa ujira, shukrani na ujirani kwa wakati mmoja. Mtu aliyekataa kunywa alionekana kuwa amekataa watu. Jambo hili hatuna budi kulikumbuka, kwa maana kikombe cha Bwana kilipofika Ufipa hakikukuta watu wasiojua maana ya kunywa pamoja. Kilikuta watu walioijua vizuri, ila hawakuujua mzabibu.

Maneno yenyewe yanatushuhudia. Kiswahili kina majina mawili ya kinywaji hiki, na yote mawili yalikuja kwa meli. Mvinyo ni neno la Kireno, divai ni la Kifaransa. Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952 inayatumia yote mawili. Muumini wa Ufipa alilisikia neno hilo likisomwa muda mrefu kabla hajaiona zabibu kwa macho yake, kama kweli aliwahi kuiona.

2. Kikombe kilichotoka Afrika ya Kaskazini

Wa kwanza kuleta kikombe hicho walikuwa Wamisionari wa Afrika, waitwao White Fathers, wa shirika lililoanzishwa mwaka 1868 na Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Mwaka 1878 msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo kuelekea maziwa makuu. Mwaka 1885 walipokea kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, ambacho Wabelgiji walikuwa wamekijenga mwaka 1879. Kutoka Karema na vituo vya pwani ya ziwa kama Kirando na Kala, walipanda mpaka nyanda za juu za Ufipa. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza kazi hiyo tangu mwaka 1891 hadi kifo chake mwaka 1917, aliliona Kanisa Katoliki likiota mizizi ambayo haijang'oka hata leo.

Mapadre hao walitoka katika nchi ya mizabibu. Shirika lao lilikuwa na mashamba ya zabibu huko Maison-Carrée, karibu na Algiers, na baadaye huko Thibar, Tunisia. Lakini kati ya shamba hilo na altare ya Ufipa kulikuwa na bahari, joto la pwani, na mwendo wa miezi juu ya mabega ya wapagazi. Divai dhaifu ikisafirishwa hivyo hugeuka kuwa siki, na siki haifai kwa Misa. Tatizo hili halikuwa la Ufipa peke yake. Wamisionari wa sehemu nyingi za joto waliuliza Roma, na mwaka 1896 Roma ilikubali divai tamu za Misa ziongezwe roho ya zabibu, ili zisiharibike, mradi kileo chote kisipite asilimia 17 au 18. Roho hiyo ilipaswa kutoka katika zabibu, wala si katika nafaka au miwa.

Tuone vema jambo lililofanyika hapa. Kileo kiliongezwa kwa sababu ya safari, si kwa sababu mtu yeyote aliamini kwamba ukali ndio utakatifu. Sharti lisiloondolewa lilikuwa moja: kila tone litoke katika mzabibu.

3. Majirani na dawa nyingine ya tatizo lile lile

Kusini mwa Ufipa, katika nchi ambayo leo ni Zambia, London Missionary Society ilifungua vituo vya Fwambo, Kawimbe na Niamkolo katika miaka ya 1880 na 1890. Mashariki, mwaka 1891, Wamoravian walianza kazi Rungwe, na mwaka huo huo Walutheri wa Berlin wakaanza kazi Konde, kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Wote hawa walileta kikombe kwa waumini wote, jambo ambalo kwa Wamoravian lina historia ya damu. Baba yao wa kiroho, Jan Hus, alichomwa moto huko Konstanz mwaka 1415, na Mtaguso ule ule ulipiga marufuku kuwapa walei kikombe. Wafuasi wake walikichukua kikombe kuwa alama yao. Nasi Walutheri tunakiri neno hilo hilo katika kifungu cha 22 cha Ungamo la Augsburg la mwaka 1530. Kwa hiyo kwetu sisi swali la kilichomo kikombeni si la padre aliye peke yake altareni. Ni la usharika mzima, pamoja na mgonjwa, mjane, na yule aliyeokolewa jana kutoka katika ulevi.

Wakati misheni hizo zinaanza, Uingereza na Marekani zilikuwa zimevumiwa na upepo wa harakati za kuacha pombe. Viwanda vilikuwa vimeufanya ulevi kuwa janga la miji, na Wakristo wengi, hasa Wamethodisti, Wabaptisti na wale wa Kongregesheni, waliona aibu kumpa mlevi aliyetubu kile kile kilichomwangusha. Lakini walikwama. Maji ya zabibu yaliyokamuliwa hayakai. Hamira iliyo juu ya ganda la zabibu huanza kazi yake katika siku moja au mbili, na baada ya wiki chache maji yamekuwa divai. Kwa karne nyingi hapakuwa na njia rahisi ya kuyahifadhi yalivyo.

Njia ilipatikana katika miaka ya 1860, Louis Pasteur wa Ufaransa alipoonyesha kwamba joto la kiasi, la nyuzi kati ya 50 na 60 za Sentigredi, huua vijidudu vinavyoiharibu divai. Mwaka 1869 Thomas Bramwell Welch, daktari wa meno na mtumishi wa Meza ya Bwana katika kanisa la Kimethodisti huko Vineland, New Jersey, alitumia maarifa hayo kwa maji ya zabibu. Aliyatia katika chupa, akaziba, akazipasha moto ndani ya maji, na zabibu hazikuchachuka. Aliita kinywaji chake divai isiyochachuka. Mwanzoni mwa karne ya 20, Carl Jung wa Rüdesheim, Ujerumani, alipata njia nyingine. Yeye aliiacha divai ichachuke kabisa, kisha akakiondoa kileo kwa kuichemsha katika ombwe, ambamo kileo hutoka kwa joto dogo bila kuunguza ladha.

Hivyo kati ya mwaka 1869 na mwanzo wa karne ya 20 tatizo moja lilipata majibu mawili. Roma iliongeza kileo ili divai isiharibike. Welch alitumia moto ili zabibu zisiwe divai. Si wote waliomkubali. Mwaka 1888 maaskofu wa Kianglikana waliokutana Lambeth walitamka kwamba maji ya zabibu yasiyochachuka hayana kibali katika mfano wa Bwana wala katika desturi ya Kanisa lote.

Katika Afrika Mashariki swali hili lilipata nguvu mpya kwa Uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, katika miaka ya 1930, ukafika Bukoba kabla ya Vita Kuu ya Pili. Ndugu wa Uamsho waliikataa pombe kabisa. Ushuhuda wao umeingia katika damu ya Kanisa letu la Kilutheri. Leo Mlutheri wa Sumbawanga, ambako Dayosisi changa ya Ziwa Tanganyika ina makao yake, anaishi kati ya jirani Mkatoliki ambaye kwake divai ya kweli ni sharti, na jirani Mpentekoste ambaye kwake kileo ni dhambi. Wote wawili humwuliza: Ninyi mnakunywa nini?

4. Maandiko na Kanisa la kale

Kabla hatujajibu, turudi kwenye chanzo. Pasaka huangukia kati ya Machi na Aprili, na mavuno ya zabibu ya Palestina yalikuwa yamekwisha miezi kama sita kabla. Kwa hiyo kikombe alichokishika Bwana kilikuwa na divai iliyochachuka, iliyochanganywa na maji kama ilivyokuwa desturi ya Wayahudi. Wale wa Korintho waliolewa mezani wanathibitisha hilo kwa upande wa aibu. Asiyetumia kileo asijitetee kwa kudai kwamba Bwana alitumia maji ya zabibu mabichi. Utetezi huo hausimami.

Lakini pia tuangalie neno lililochaguliwa. Katika simulizi za kuwekwa kwa Chakula cha Bwana, Injili hazitumii neno la Kiyunani oinos, yaani divai. Zinasema kikombe, kisha zinataja uzao wa mzabibu. Mkazo uko kwenye mti na tunda lake, wala hautaji kipimo cha kileo.

Justin Mfiadini, akiandika Roma yapata mwaka 155, anataja mkate, na kikombe cha divai na maji. Miaka mia hivi baadaye Cyprian, Askofu wa Karthago katika Afrika ya Kaskazini, aliandika barua ndefu dhidi ya wale waliotumia maji matupu. Baadhi yao, asema, waliogopa kwamba harufu ya divai asubuhi ingewafichua kwa watesi wao. Sababu yao ilikuwa ya kueleweka, na hata hivyo Cyprian alikataa. Kwake maji ni watu na divai ni Kristo. Vikichanganywa, watu wameunganishwa na Bwana wao. Maji yakiwa peke yake, watu wako peke yao. Hoja hiyo ya askofu Mwafrika ingali inatufaa, kwa maana soda nyekundu si kitu kingine ila maji yaliyotiwa sukari na rangi.

Katika karne ya 13 Thomas Aquinas aliuliza kama maji ya zabibu mbivu yaliyokamuliwa sasa hivi yanafaa, akajibu kwamba yanafaa, kwa kuwa yamekwisha kuwa na asili ya divai. Maji ya zabibu mbichi hayafai, kwa sababu hayajafika. Siki haifai, kwa sababu imepita. Kanisa Katoliki limelishika neno hilo: barua zake za mwaka 1995 na 2003 zinaeleza jinsi padre asiyeweza kunywa kileo aruhusiwavyo kutumia maji ya zabibu ambayo kuchachuka kwake kumezuiwa bila kubadili asili yake, kwa mfano kwa baridi kali. Na katika bara letu Kanisa la Kiorthodoksi la Ethiopia, tangu kale, huloweka zabibu kavu katika maji, kuzikamua na kuyatumia maji hayo kikombeni. Kanisa hilo halikumngojea Welch.

Ushuhuda huu una sauti moja. Juu ya kileo Kanisa limetofautiana. Juu ya mzabibu halikutofautiana, ila katika wale waliokemewa. Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529 inataja mkate na divai bila kueleza zaidi. Wako ndugu Walutheri wanaoamini kwamba divai maana yake ni iliyochachuka, na dhamiri yao iheshimiwe. Mwandishi anaona kwamba kiasi cha kileo kimo katika mambo ambayo Warumi 14 inayaachia upendo, lakini tunda lenyewe halimo.

5. Kuonja na kuchagua

Tukikubali hivyo, kuchagua si jambo la ulimi tu. Ni uaminifu. Mambo machache yatamsaidia mchungaji na mzee aliyetumwa.

Kwanza, asome karatasi ya chupa kabla ya kutazama picha. Ikiwa orodha ya vitu inaanza na maji na sukari, kisha rangi na ladha ya kutengenezwa, hicho si tunda la mzabibu. Maji halisi ya zabibu husema zabibu asilimia 100. Divai iliyoondolewa kileo kwa kawaida hubakiza kileo kidogo, mara nyingi hadi asilimia 0.5, na washarika waambiwe ukweli huo. Aliyeacha ulevi aweza kuchagua maji ya zabibu badala yake, kwa kuwa hata harufu ya divai yaweza kuwa kishawishi kwake.

Pili, amimine kidogo katika glasi nyeupe, aitazame juu ya karatasi nyeupe mchana. Wekundu wa zabibu una zambarau ndani yake na hufifia pembezoni. Rangi ya kiwandani mara nyingi hung'aa sawasawa kama wino. Akitia chembe ya magadi katika matone machache yaliyotengwa, wekundu wa tunda hugeuka kuelekea buluu au kijani, na rangi nyingi za kiwandani hubaki nyekundu. Hata hivyo kinywaji cha rozela nacho hugeuka, basi kipimo hiki humfichua mwenye rangi bandia lakini hakithibitishi mzabibu. Chembe ngumu kama chumvi zikionekana chini ya chupa, asiogope. Hizo ni chumvi za asidi ya zabibu, nazo ni dalili njema.

Tatu, aonje ikiwa haina ubaridi wa jokofu, kwa maana baridi huficha kasoro. Autafute uchachu ulio safi, kisha ukakasi unaokamata ulimi na fizi, utokao katika maganda na mbegu. Utamu mtupu usio na uchachu wala ukakasi ni dalili ya sukari. Divai iliyoondolewa kileo huwa nyepesi kinywani, kwa sababu kileo ndicho kilichoipa uzito na joto. Wengine huongeza utamu ili kuufidia upungufu huo. Kati ya chupa mbili za kweli, ile isiyo tamu mno hufaa zaidi mezani. Tunaalikwa kukumbuka kifo cha Bwana, na ukakasi kidogo haumdhuru mtu.

Nne, akumbuke kwamba kinywaji hiki hakina kileo cha kukilinda. Chupa ikifunguliwa huchachuka au kuota ukungu kwa siku chache, hata katika baridi ya Ufipa. Inunuliwe ndogo, ifunguliwe siku ya ibada, na isiahirishwe hadi mwezi ujao.

Na pasipo chupa ya kweli? Mizabibu ya Tanzania iko Dodoma, ambako wamisionari Wakatoliki waliipanda Bihawana katika miaka ya 1950, na ambako huvunwa mara mbili kwa mwaka. Kutoka huko hadi Ufipa ni mbali, ingawa lami ya Tunduma hadi Sumbawanga, iliyojengwa katika miaka ya 2010, imeirahisisha safari. Lakini zabibu kavu husafiri bila kuharibika. Usharika wa kijijini waweza kufanya kama Waethiopia: kuziloweka usiku kucha katika maji safi, kuzikamua, kuzichuja kwa kitambaa na kutumia asubuhi. Maji yake hayatakuwa mekundu sana. Wekundu haukuamriwa, mzabibu ndio uliotajwa.

Hitimisho

Tumeona kwamba kila kizazi kilichopeleka kikombe Ufipa kilipambana na umbali na uharibifu. Wengine waliongeza kileo, wengine walitumia moto, wengine walikausha tunda. Waliofanya hivyo kwa uaminifu walikuwa na jambo moja moyoni, kwamba waumini walio mbali wasipewe kitu kingine badala ya kile ambacho Bwana alikitaja.

Twapendekeza basi mambo matatu. Baraza la wazee wa kila usharika lijadili na kuandika ni kinywaji gani kitakachonunuliwa, ili uamuzi usiangukie kwa muuza duka. Mchungaji mwenyewe aonje kabla ya ibada, wala asione haya kuirudisha chupa ambayo si ya zabibu. Na washarika waambiwe wazi wanachopewa, ili anayekuja na udhaifu wake asije kwa hofu. Katika nchi ambayo kukataa kikombe cha jirani kulimaanisha kumkataa jirani, tusiweke mezani kikombe ambacho mmoja wa ndugu zetu atalazimika kukipisha.